Kushuka na Maji ya Gucha kwa Miguu

Mwezi wa Julai katika nchi ya Wagusii si mwezi wa matembezi. Alfajiri ukungu hulala mabondeni, vidole hufa ganzi kwa umande wa majani chai, na mtu mwenye busara hukaa karibu na meko mpaka jua litoke. Hata hivyo, Jumamosi moja ya mwezi huo, wakulima 31, waume kwa wake, walikutana saa moja ya asubuhi kando ya barabara chini ya milima ya Kiabonyoru, katika Borabu, Kaunti ya Nyamira. Wengi walivaa gambuti. Wachache walikuja miguu mitupu, maana walijua wataingia majini na hawakutaka kujisumbua kuvua na kuvaa.

Karibu wote walikuwa watoto au wajukuu wa watu waliopewa mashamba huko wakati wa mpango wa makazi wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, Serikali iliponunua mashamba ya Wazungu na kuyagawa kwa Waafrika. Siku hiyo hawakuja kusikiliza hotuba. Walikuja kukifuata kijito kimoja tangu chemchemi yake mpaka mahali kinapoingia katika maji makubwa yanayokwenda Gucha, na kutazama kila hatua ukingo wake ulivyo.

Sababu ya safari ilikuwa ugomvi. Kwa miaka miwili mfululizo chemchemi hiyo imekauka mwezi wa Februari, nao kina mama wakalazimika kuvuka kilima kwenda kuteka kwenye chemchemi ya jirani, wakipanga mstari na wenyeji wa huko ambao hawakufurahi kuwaona. Katika mkutano wa kikundi wengine walisema ni mbingu, mvua zimebadilika. Wengine walisema ni huyu wa juu. Wengine wakasema ni yule wa chini aliyechimba mtaro. Kelele zilipozidi, Bibi Shamba wa wadi alisimama akasema, "Wazee wangu, kijito hakimo humu nyumbani. Twende tukakiulize chenyewe." Basi siku ikapangwa.

KWENYE CHEMCHEMI

Tulianza kwa nyanya mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, ambaye aliletwa mpaka chemchemini kwa kushikwa mkono na mjukuu wake. Bibi Shamba alimwamkia, "Bwakire, Magokoro," akamwomba atuonyeshe maji yalikotoka alipofika hapa akiwa bibi arusi kijana. Yule mama hakuonyesha mahali tulipokuwa tumesimama. Aliinua fimbo yake akaonyesha juu, hatua kama 40 kutoka hapo, ndani ya shamba la mikaratusi.

"Hapo palikuwa na matope mwaka mzima," akasema. "Ng'ombe alizama hapo. Miti mikubwa yenye matunda meusi ilifunika, wala jua halikugusa maji."

Tulipanda kwenda kutazama. Palikuwa pakavu. Chini ya mikaratusi ardhi ilikuwa tupu, imefunikwa majani makavu na magome, wala nyasi haikuota. Mtu mmoja alichimba kwa jembe mpaka kina cha mkono, akatoa udongo mweusi wa kinamasi, ule udongo wa mahali palipokaa maji miaka mingi. Hakuna aliyesema neno kwa muda, maana mwenye shamba hilo alikuwa miongoni mwetu. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi, na ni mtu anayeheshimiwa.

Kabla ya kuondoka, kijana mmoja alijaza maji ya chemchemi katika chupa ya soda, akaiziba na kuitia alama. Chupa ya pili angejaza katikati ya safari na ya tatu mwisho. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha vizuri, kwa hiyo Bibi Shamba alisema siku hiyo ni njema kwa kupima: kijito kikiwa na lolote la kusema, kitalisema leo.

HATUA SITA

Watu wengi wamesikia kwamba kuna sheria ya kingo za mito, lakini wachache wanajua kipimo chake. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965, zilizotolewa chini ya Sheria ya Kilimo ya zamani, zilikuwa zimekwisha kukataza kulima ukingoni mwa mto bila ruhusa. Baadaye Kanuni za Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliweka kipimo hiki: pima upana wa mto kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, kisha acha upana huohuo kila upande, lakini usiache chini ya mita 6, wala huhitaji kuacha zaidi ya mita 30. Katika ukanda huo kanuni hizo zilikataza kulima, kuchimba, kujenga nyumba za kudumu, kutupa taka, na kupanda miti ya kigeni inayoweza kudhuru maji.

Kijito chetu kilikuwa na upana wa mita 2 tu, basi kipimo chake ni mita 6 kila upande. Bibi Shamba alimchagua mzee mmoja mrefu apige hatua sita ndefu kutoka ukingoni. Mzee alipiga hatua mbili akawa kati ya mahindi. Hatua ya nne akapita katikati ya viazi. Hatua ya sita ikamfikisha kwenye migomba, na mwenye migomba akaguna.

"Mnataka ninyang'anywe shamba," akasema.

Hesabu ilipigwa palepale, kwa kijiti mchangani. Shamba lenye ukingo wa mita 100, likiacha mita 6, linatoa mita za mraba 600. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Basi kinachoachwa ni kama sehemu moja ya saba ya ekari. Kwa babu aliyepewa shamba kubwa mwaka 1964 au 1965, kipande hicho kilikuwa si kitu. Lakini leo shamba la babu limegawanywa. Na sisi Wagusii hugawanya shamba kwa vipande virefu vinavyotoka mgongoni mwa kilima kushuka hadi majini, ili kila mwana apate barabara juu na maji chini. Desturi hiyo ni ya haki, nami siilaumu. Ila matokeo yake ni kwamba ukingo uliokuwa wa mtu mmoja sasa ni wa ndugu watano, kila mmoja na mita zake 20, na kila mmoja akisema, "Mimi nikiacha peke yangu, nitakuwa nimefanya nini?"

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Mtu akiona mahindi yamepandwa mpaka mizizi yake inaning'inia juu ya maji, asifikiri kwamba ni uchoyo tu. Mara nyingi ni karo ya shule na idadi ya watoto.

Hata hivyo, tulipofika kwenye kona moja ya kijito tuliona hesabu ya upande wa pili. Mkulima alikuwa amelima mpaka ukingoni ili apate mistari mitatu zaidi ya mahindi. Mvua za Aprili zilikuwa zimekula ukingo, na kipande cha upana wa hatua nne kilikuwa kimeanguka pamoja na mahindi yenyewe. Alikuwa amepoteza mistari mitano akitafuta mitatu. Alicheka mwenyewe alipotuonyesha, lakini si kicheko cha furaha.

Ng'ambo ya kijito, jirani yake alikuwa ameacha ukanda wake, akaupanda majani ya nepia na miti michache ya kienyeji. Hapo ukingo ulikuwa mzima. Mkulima huyo anakata nepia kwa ajili ya ng'ombe wake wawili, halimi tena. Mizizi yabaki ardhini. Bibi Shamba alitahadharisha jambo moja, nalo nalirudia kwa ajili ya wasomaji: mtu asichukue vipandikizi vya nepia popote tu. Katika magharibi ya Kenya kuna ugonjwa wa kudumaa ambao hufanya nepia kuwa fupi na ya manjano, nao husafiri ndani ya vipandikizi. Chukua kwenye shina lililo kijani na refu, wala usikubali ya bure kutoka kwenye shamba lenye ugonjwa.

MIKARATUSI NA KARO

Nchi hii yote sasa imefunikwa mikaratusi. Ukisimama juu ya Kiabonyoru utaiona inashuka kila bonde. Si ajabu. Mti huo hukua upesi, hauhitaji kupaliliwa, hauliwi na ng'ombe, na ukiukata unachipuka tena. Viwanda vya chai vyataka kuni, mafundi wataka nguzo na mbao, wachoma matofali wataka magogo. Mkulima akishikwa na shida usiku, asubuhi anauza mti.

Mwaka 2009 Bwana John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wakati ule, aliagiza mikaratusi iliyo katika vyanzo vya maji na kingo za mito ing'olewe. Mwaka huohuo Shirika la Huduma za Misitu la Kenya lilitoa mwongozo wa kupanda mikaratusi mashambani, ambao pia ulionya isipandwe penye maji. Mahali pengine watu walikata. Mahali pengi miti ingali imesimama, na wakati wa mapumziko ya saa nne tulipata kusikia sababu yake kutoka kwa yule mweka hazina mwenyewe, ambaye tangu chemchemini alikuwa amenyamaza.

"Bibi Shamba," akasema, "sitaki watu waninong'one nyuma. Ile miti ni yangu. Baba aliikuta nchi hii haina kuni, akapanda. Iko 40. Kijana wangu yuko chuo cha ufundi, amebakiza mwaka mmoja na nusu, nami nimeihesabu miti hiyo kwa muhula. Mkiniambia nikate yote leo, nitauza kwa bei ya hasara, na kijana atarudi nyumbani. Sasa niambieni."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na ndoo yake akamjibu kwa adabu, lakini bila kuzunguka. "Mzee, tunakuheshimu. Lakini mimi naamka saa kumi ya usiku mwezi wa Februari kwenda kupanga mstari kwa watu wa ng'ambo. Binti yangu anaenda nami kabla ya shule. Huyo naye ana masomo."

Jambo hili halikumalizwa hapo. Watu walikunywa uji wa wimbi, wakainuka.

MASHIMO YA MATOFALI

Chini zaidi bonde linapanuka, na hapo zamani palikuwa na kinamasi kipana. Nusu yake imechimbwa kwa matofali. Mashimo yalikuwa mengi, mengine ya kina cha kiuno, yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kando yake tanuru lilikuwa likifuka moshi. Vijana waliokuwa wakifanya kazi walitukaribisha vizuri. Hawana shamba, walikodi mahali hapo kwa mwaka.

Katika mashimo mapya yaliyo wazi juani tuliona viluwiluwi vya mbu. Yafaa kila mkulima ajue kwamba yule mbu anayeleta malaria huku milimani hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vyenye kupigwa na jua, kwa kuwa maji yake hupata joto na viluwiluwi hukua upesi. Kinamasi chenye mafunjo na kivuli hakimfai sana. Kwa hiyo tunapokausha kinamasi na kukichimba, hatufukuzi mbu kama wengi wanavyofikiri. Twamjengea nyumba anayoipenda. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990, malaria ilipoingia kwa nguvu katika milima ya Kisii na kujaza hospitali.

Katika nusu ya kinamasi iliyobaki walikuwapo korongo wawili wenye taji. Tulisimama tukiwatazama, hata wale vijana wa matofali waliacha kazi. Ndege huyo kwa kawaida hutaga mayai katika vinamasi, na tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mzee mrefu wa hatua sita alisema alipokuwa mchungaji walikuwa wakija makumi. Kisha wakaruka wakapiga kelele yao, wakashuka tena upande wa mbali.

Kijana wetu akajaza chupa ya pili.

MAJI YANAKOKWENDA

Saa tisa kasoro tulifika mahali kijito kinapoungana na maji makubwa. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, kama yafanyavyo huku karibu kila alasiri, basi hatukukawia. Chupa ya tatu ilijazwa. Kisha chupa zote tatu zikawekwa juu ya ukuta wa daraja, zikaachwa zitulie wakati watu wakila chakula cha mchana: obokima, chinsaga, na maziwa ya mgando yaliyoletwa na kina mama wa upande huo.

Wakati huo Bibi Shamba alieleza safari ya mto, na wengi wetu, tulioishi kwenye chanzo chake maisha yote, hatukuwahi kuifikiri. Gucha hutoka hapa katika vilima vya Kiabonyoru, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Kegati maji yake husafishwa na kupelekwa mjini Kisii, kwa hiyo mtu anayefungua mfereji mjini anakunywa kilichopita mashambani mwetu. Waendelea hadi Ogembo. Huko chini watu wauita Kuja. Unakutana na mto Migori, na mwisho unaingia Ziwa Viktoria katika Nyatike, ambako maji yako kama mita 1,134 tu juu ya bahari. Mto unaoshuka hivyo katika mwendo wa kilomita 150 hivi una nguvu ya kubeba udongo mwingi.

Kabla ya kufika ziwani unapita Gogo, penye kituo kidogo cha umeme cha megawati 2 kilichojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya Macalder. Bwawa lake limejaa tope kwa miaka mingi. Na huko Nyatike mto hufurika mara kwa mara, ukiingia majumbani. Mzee mmoja akauliza, "Tope hilo ni la nani?" Bibi Shamba hakumjibu. Alionyesha ukuta wa daraja.

Chupa ya chemchemi ilikuwa safi. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake. Chupa ya katikati, iliyojazwa chini ya mashimo ya matofali, ilikuwa na tope la upana wa kidole kimoja chini yake. Ya tatu ilikuwa na vidole viwili, na maji ya juu yangali mekundu. Chupa ilipitishwa mkono kwa mkono. Yule aliyeangukiwa na ukingo aliishika muda mrefu, akaitikisa, akatazama tope likipanda. "Hii ni mbolea yangu," akasema, "niliinunua kwa mkopo."

WALIVYOAMUA

Mvua ilianza, watu wakajibanza chini ya paa la duka moja, na hapo ndipo shauri la miti 40 liliporudi. Nasimulia lilivyokuwa kwa sababu mabonde mengi yana shauri kama hilo.

Bibi Shamba alisema wazi kwamba kukata miti yote kwa siku moja ni makosa, maana ukingo utabaki uchi na mvua za Septemba zitauchukua. Inayofaa kuondoka kwanza ni ile iliyosimama juu ya udongo mweusi wa kinamasi cha zamani. Waliihesabu kwa kukumbuka: 14. Mweka hazina akakubali hiyo 14, kwa sharti kwamba kikundi kimtafutie mnunuzi wa nguzo anayelipa bei ya haki, asiuziwe kwa madalali wa kuni. Fundi mmoja wa nyumba aliyekuwapo alisema atachukua tisa. Ile 26 iliyobaki itakatwa kidogo kidogo mpaka kijana amalize chuo, na mahali pake pengine ndani ya shamba, juu kavu, mzee atapanda mingine akitaka. Hakuna aliyemkatalia.

Visiki vilizua maneno mengi kuliko miti. Mkaratusi uliokatwa huchipuka, na baada ya miaka michache ni kana kwamba hukufanya kitu. Ilikubaliwa kwamba kila kisiki kitachunwa gome mpaka chini ya udongo, na machipukizi yatavunjwa kila mwezi. Kazi hiyo walipewa kina mama watekao maji, kwa kuwa wao wapita hapo kila siku, wala hawatasahau.

Katika nafasi hiyo itapandwa miti ya kienyeji, mizambarau ya porini na mingine ambayo Magokoro ataitaja kwa majina, na mianzi pembeni. Mianzi si kitu kigeni katika nchi za Nyanza ya kusini; tangu mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Maseno kilijaribu kuwapa wakulima wa tumbaku wa Kuria, Migori, Suba na Homa Bay mianzi wapande badala ya tumbaku, ikamea vizuri. Mwanzi huukatwa mashina yaliyokomaa tu, na shina mama laendelea kushika udongo. Kwa mtu mwenye kuhesabu karo, hilo lina maana.

Kuhusu mashimo ya matofali hawakukubaliana. Wenye shamba wanapata kodi, vijana wanapata kazi, na mji wa Keroka unataka nyumba. Waliafikiana jambo dogo tu: shimo lililokwisha kutumika lijazwe au lipandwe kabla ya kuchimbwa lingine, na ile nusu ya korongo isiguswe mwaka huu. Mwaka ujao, walisema, watabishana tena.

Mvua ilipopungua kulikuwa karibu saa kumi na moja. Watu walirudi juu kwa njia ya barabara, gambuti zikilia maji. Mweka hazina alitembea nyuma pamoja na yule mama wa ndoo, wakizungumza juu ya vijana wao. Chupa tatu zilibaki kwa Bibi Shamba. Zitawekwa dirishani mwa ofisi ya wadi mpaka Februari, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo watu wote 31 watarudi chemchemini na chupa nyingine.